Ninja imesimama asilimia 97: kabla hujafuta folda ya build, jua inasubiri nini

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili, na kwa kweli nimekumbuka mbali. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu ana laptopu ya RAM 8GB yenye diski ya kuzunguka, Ubuntu 22.04. Anakompaili LLVM (mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompaila) pamoja na Clang, kompaila yake ya C na C++. Amechagua Debug, yaani bildi yenye taarifa za kutafutia makosa, na anatumia ninja, chombo kinachoendesha kazi za bildi. Usiku kucha kazi ilienda vizuri, alfajiri zikabaki hatua kama 60, na tangu hapo saa tatu zimepita bila mstari mpya. Hakuna ujumbe wa kosa. Anauliza kama afute folda ya build aanze upya.

Usifute. Kazi ya usiku kucha iko salama humo ndani, na ukianza upya kwa mipangilio ileile utasimama palepale. Mimi nilifuta mara mbili kabla ya kuelewa, siku tatu zikaenda na maji.

Neno "imeganda" halikusaidii kitu. Bildi ikisimama, kuna kinachosubiriwa: prosesa imalize hesabu, diski ilete data, mtandao ujibu, au wewe mwenyewe ujibu swali ambalo hukuliona. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Kwa hiyo acha ninja iendelee hivyohivyo, fungua terminali ya pili, kisha andika:

ps -eo pid,stat,etime,rss,args --sort=-rss | head

Tazama safu ya stat. R maana yake mchakato unafanya kazi kwenye prosesa. Huo haujaganda, una kazi nzito tu, uvumilie. S umelala ukisubiri jambo. T umesimamishwa. D ndiyo herufi ya kuangalia kwa makini: mchakato umekwama ukisubiri diski, na hata ukiutumia kill -9 hausikii mpaka diski ijibu.

Siku yangu mimi, juu kabisa ya orodha kulikuwa na ld sita (ld ni kiunganishi, kinachounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu). Zote sita zina D. Kila moja imeshika zaidi ya 1GB ya RAM na bado inataka nyingine. Nikaendesha vmstat 1, nikakaa naitazama. Safu za si na so, zinazoonyesha data inayotoka swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa) na inayopelekwa swapu, ambazo kwa kawaida husoma sifuri, zilikuwa na maelfu kila sekunde. Safu ya wa, muda ambao prosesa inasubiri diski, ilikuwa juu ya asilimia 90. Taa ya diski haizimi. Nikisogeza mausi, kishale kinabaki palepale sekunde kadhaa kisha kinaruka upande wa pili wa skrini. Prosesa yenyewe ilikuwa haina kazi kabisa, na feni ilikuwa imetulia. Ukisikia feni imenyamaza katikati ya kukompaili, hapo ujue kuna jambo.

Sasa kwa nini isimame mwishoni, wakati faili elfu mbili na zaidi zimepita bila shida? Kwa sababu kazi ya mwisho si ileile. Kukompaili faili moja la C++ hula RAM kiasi, likaisha, likaachia. Mwishoni huja kuunganisha: ld huchukua maktaba zote za LLVM zilizokwisha kujengwa na kuzibana kuwa programu moja. Halafu LLVM haina programu moja. Kuna clang, opt, llc na nyingine nyingi, na kila moja inabeba nakala yake ya maktaba zilezile. Ukiwa umechagua Debug, kila faili la .o (matokeo ya kukompaili faili moja) limejaa taarifa za kutafutia makosa, na ld inazipitisha zote kwenye RAM. Mchakato mmoja wa namna hiyo unaweza kudai gigabaiti kadhaa peke yake.

Na ninja haijui hilo. Inahesabu prosesa, inaongeza mbili, basi. Laptopu yangu ilikuwa na nyuzi 4 za prosesa, na ninja huhesabu kila uzi kama prosesa, ikafungua kazi 6 kwa pamoja. Wakati wa kukompaili hiyo ni hesabu nzuri. Wakati wa kuunganisha ni watu sita wanaogombea kitanda kimoja: ld ya kwanza inasukumwa swapu ili ya pili ipate nafasi, ya pili inasukumwa ili ya tatu ipate, na diski ya kuzunguka inabeba na kurudisha mizigo ileile mpaka kesho. Wanaotumia make, chombo kingine cha kazi kama ya ninja, wawe waangalifu zaidi, maana make -j bila namba haina kikomo kabisa.

Jambo jingine linalotisha bure: ninja huficha maneno ya kila kazi mpaka kazi hiyo iishe. Ukimya wake pekee si ushahidi wa chochote.

Kwa hali yako, Mkuu, fanya hivi. Bonyeza Ctrl-C mara moja na usubiri, inaweza kuchukua dakika kadhaa kwa sababu wale wa D wanamalizana na diski kwanza. Funga kivinjari na kila kitu kisicho cha lazima. Halafu:

ninja -C build -j1

Itaendelea pale ilipoachia. Hatua 60 zilizobaki zitaenda moja moja, na utashangaa zinavyopita, kwa sababu ld ikiwa peke yake na RAM yote inamaliza kwa muda wa kawaida. Mimi hatua zilizokuwa zimenikalia tangu asubuhi ziliisha kabla ya chakula cha jioni.

Ukiona hata ld moja inakosa nafasi, ongeza faili la swapu la 8GB. Swapu inavumilika mchakato mmoja ukiiegemea kidogo. Na angalia df -h kabla, uone nafasi iliyobaki kwenye diski, maana Debug ya LLVM hula makumi ya gigabaiti za diski, na diski ikijaa utapata kosa la aina nyingine.

Kwa safari ijayo, kama huendi kurekebisha ndani ya LLVM yenyewe, Debug huihitaji. Mipangilio ninayotumia hadi leo ni hii:

cmake -G Ninja -S llvm -B build -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DLLVM_ENABLE_PROJECTS=clang -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 -DLLVM_USE_LINKER=lld

LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS ndiyo iliyoniokoa. Inaiambia ninja: kompaili kazi nyingi upendavyo, lakini unganisha moja moja. Inafanya kazi kwa ninja tu. LLVM_TARGETS_TO_BUILD ikiwa X86 inakuepusha kujenga msimbo wa prosesa ambazo huna, kwani bila kuitaja LLVM hujenga karibu zote. Na lld ni kiunganishi chepesi kuliko ld ya kawaida. Isakinishe kwanza kwa apt.

Wengine hapa wataona dalili tofauti kwa ugonjwa huohuo. Badala ya kusimama, bildi inakatika na kuandika "Killed signal terminated program cc1plus", au "ld terminated with signal 9". Wengi hudhani msimbo una kasoro. Hauna. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imeishiwa RAM ikaamua kuua mchakato mkubwa, na sudo dmesg itakuonyesha mstari wake. Na kwenye Ubuntu 22.04 kuna systemd-oomd, huduma inayoua programu RAM ikikaribia kuisha, ambayo inaweza kufunga dirisha zima la terminali ghafla, ukabaki unajiuliza nani kalifunga.

Umeme ukikatika katikati, ukarudi na kuendelea, halafu ld ikalalamika kwamba faili fulani ni "truncated" au halitambuliki, kuna mafaili ya .o yaliyobaki matupu. Yafute hayo tu:

find build -name '*.o' -size 0 -delete

Ninja itayajenga upya na kuacha mengine.

Kuna mara moja tu niliyokuta sababu si RAM. Ilikuwa mradi mwingine, mdogo, make -j4, nao ulisimama nusu saa. Niliangalia ps: hakuna D, prosesa imelala, ila kuna git submodule (amri inayoshusha msimbo wa miradi mingine) yenye S. Nikapandisha terminali juu, mistari mingi sana juu, nikaikuta imezama katikati ya maneno ya kompaila: "Username for". Mwenye hazina ile ya msimbo iliyokuwa ikishushwa alikuwa ameiondoa, na seva badala ya kusema haipo ikawa inaomba jina na nywila. Nusu saa nzima kompyuta ilikuwa inanisubiri mimi. Tangu siku hiyo, kabla ya kujenga kitu kinachoshusha vingine, huandika export GIT_TERMINAL_PROMPT=0, ili git ishindwe waziwazi kuliko kuuliza kimyakimya.

Kwako wewe naamini ni RAM, kwa maelezo uliyotoa. Lakini endesha ile ps kwanza kabla ya Ctrl-C, ubandike hapa mistari kumi ya juu tuione sote. Ikiwa ni ld zenye D, nenda moja kwa moja kwenye -j1.