Paka anajikamua na kulia bila kutoa choo: kabla hujampa chochote, hakikisha anakojoa

Mkuu, pole sana. Umesema paka wako ni dume wa miaka 5, leo siku ya tatu anaingia kwenye beseni la mchanga, anajikamua, analia, anatoka bila kitu, na umeshauriwa umpe maziwa na mafuta ya kula. Mimi nina mwaka wa tatu nahangaika na tatizo hili kwa paka wangu jike, Chausiku. Nitakueleza yote, ila hili la kwanza lifanye sasa hivi.

Kaangalie kama anakojoa. Paka aliyezibwa mkojo anachuchumaa, anajikamua na kulia vilevile kama aliyefunga choo, na wengi tunachanganya. Dume ndiye aliye hatarini zaidi, mrija wake ni mwembamba, ute na chembechembe za mawe vinatosha kuuziba. Pekua ule mchanga kwa mkono. Ukikuta mabonge yaliyolowa, mkojo unapita. Ukikuta pakavu au vitone tu, au anajilamba chini bila kuacha, mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huuhuu. Mkojo ukiziba kabisa, sumu inabaki kwenye damu na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kama mkojo upo, basi turudi kwenye choo.

Chausiku alianza kwa kwenda mchangani mara tano sita asubuhi moja. Anachimba, anajikunja, miguu ya nyuma inamtetemeka, kisha anatoka na kwenda kujikunja pembeni, kwenye sakafu. Siku ya pili alitoa kipande kimoja kikavu kama kokoto, kina mchirizi wa damu. Nilipompapasa tumbo, chini karibu na nyonga, nilihisi vitu vigumu vimepangana kama kete za bao ndani ya mfuko. Akaacha kula, akatapika povu.

Hapo nilifanya kosa ambalo sitaki ulifanye. Nilimshika kwa nguvu nikamtilia mafuta ya kula mdomoni kwa bomba la sindano. Alikohoa mpaka nikaogopa. Baadaye daktari alinieleza kwamba mafuta yanateleza kwenda mapafuni kirahisi, na paka anapata nimonia. Maziwa nayo hayalainishi choo. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyameng'enya, yanawaletea gesi na kuharisha juu ya maumivu waliyonayo. Na tafadhali sana, usimpe Panadol eti kwa sababu analia. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Diklofenaki na brufeni vilevile usimguse navyo. Dawa za binadamu za kusafisha tumbo kwa nyuma, zile zenye fosfeti, ni sumu kwa paka.

Siku ya tatu nikampeleka. Alitundikiwa maji kwanza, kwa sababu alikuwa amekauka, kisha akapigwa sindano ya usingizi na kutolewa kile choo polepole kwa maji ya uvuguvugu. Daktari alipopitisha kidole chenye glavu akagundua njia ya nyongani ni nyembamba. Ndipo nikakumbuka kwamba alipokuwa mdogo aligongwa na bodaboda, akachechemea wiki kadhaa, nikajua amepona. Mfupa uliunga vibaya. Kwa hiyo mweleze daktari historia yote ya paka wako, hata ajali ya zamani, na kwa paka mzee omba figo zipimwe, maana figo zikichoka mwili unapoteza maji na choo kinakauka.

Kilichomsaidia Chausiku mpaka leo ni maji. Paka kwa asili ni mnyama wa nchi kame, kiu yake ni ndogo, anategemea maji yaliyomo kwenye windo. Sasa mimi nilikuwa nampa dagaa wakavu na ugali, siku nzima hagusi bakuli la maji, nikaona ni tabia yake. Siku hizi nachemsha samaki bila chumvi wala kitunguu (kitunguu kinaharibu damu yao), natoa miiba yote, naponda nyama na kuirudisha kwenye supu yake hadi iwe kama uji mwepesi. Anailamba yote. Maji ya kunywa nayaweka mbali na chakula na mbali na beseni, bakuli mbili, nabadilisha asubuhi na jioni. Miiba na mifupa iliyopikwa ni adui wa paka, inajishikiza katikati ya choo na kumchana akijikamua.

Pia anatumia laktulosi, dawa ya maji inayovuta maji ndani ya utumbo mpana. Ana kilo 3 na nusu, aliandikiwa mililita 2 mara mbili kwa siku, naichanganya kwenye supu. Wa kwako apangiwe kwa uzito wake na daktari. Choo kikiwa majimaji, dozi inapunguzwa.

Kuhusu boga: watu wanalisifu, na kijiko cha chai cha boga lililochemshwa kimewasaidia paka wengi wenye tatizo dogo. Chausiku lilimzidishia. Nyuzinyuzi zinajaza choo kiwe kinene, na kama njia ni nyembamba au utumbo umeshatanuka na kulegea, choo hicho kinazidi kumziba. Usianze nalo kabla hajapimwa.

Siku tatu ni nyingi mkuu, hata kama ni choo tu. Kesho asubuhi apelekwe, akitapika usiku usisubiri asubuhi. Pekua mchanga sasa, kisha uniandikie: umelowa au mkavu, na alikuwa anakula nini wiki hii.