Sufuria ya jana ndiyo iliyopika ya leo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma. Unauliza inakuwaje unapika vilevile nilivyowapikia mlipokuwa wadogo, maharage yaleyale na supu ileile ya mifupa, na bado pesa ya chakula inakwisha kabla ya mwezi. Unataka nikuandikie mapishi kama yalivyokuwa.

Mapishi nitakupa, lakini si hayo yaliyotuvusha. Kilichotuvusha ni kwamba hakuna sufuria iliyoinjikwa peke yake. Wewe, kwa ulivyonieleza, unaanza upya kila jioni: leo vya leo, kesho vya kesho, na nusu ya kitunguu inakauka kwenye jokofu. Sisi tulipika kwa mlolongo. Supu ya mifupa iliyobaki ndiyo iliyokuwa maji ya kupikia wali wa kesho yake, na wali ukibaki ulikaangwa na kitunguu na yai. Maharage yalichemshwa mengi kwa siku moja, kisha yakaungwa kidogokidogo: kwanza kwa kitunguu na nyanya, kesho yake yakapondwa yawe mazito, yaliyobaki yakaingia kwenye supu. Ninyi mliona vyakula vitatu. Moto wa kuchemsha maharage uliwaka mara moja tu.

Moto ndio watu wanaousahau wanaposifu vyakula vya zamani. Loweka maharage kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji hayo uyamwage, uweke mengine. Yakishachemka, punguza moto na ufunike. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100 hata uwashe moto wa kuunguza nyumba. Unachoongeza ni mvuke na gharama. Nyanya ziingie mwishoni, maana ukali wake huyachelewesha kulainika. Na maharage mekundu yale makubwa yana sumu yakiwa mabichi: lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, nusu saa ni salama zaidi, ndipo ushushe moto. Usiyaanzishe kwa moto wa chini ukaenda kulala.

Uingereza, ambako chakula kiligawiwa kwa vipimo kuanzia 1940 hadi 1954, wapishi walifundishwa kuipua sufuria ikiwa bado inachemka na kuifukia ndani ya sanduku la nyasi kavu, imalizie kuiva kwa joto lake yenyewe. Blanketi nene linafanya kazi hiyohiyo. Jaribu, ila sufuria iwe imejaa vizuri. Chakula kidogo hupoa upesi, na kilichokaa vuguvugu muda mrefu si cha kula.

Mifupa sasa. Chagua ya viungo, yenye kano, hata kama haina nyama. Kano zina kolajeni, aina ya protini, nayo ikitokota taratibu kwa saa 3 au 4 hugeuka jelatini. Ndiyo maana supu nzuri ikipoa huganda na kutikisika. Usiiache ichemke kwa fujo, mafuta yatachanganyika na maji na supu haitakuwa nyangavu. Nyama yenyewe, ikipatikana, ikatwe vipande vidogo na ikaangwe kwanza mpaka iwe kahawia kabla ya maji. Nyama kidogo ya namna hiyo inakoleza sufuria nzima.

Kuhusu wali uliolala, kuwa mkali. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kupika, na wali ukikaa nje huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze upoe haraka, uingie kwenye jokofu ndani ya saa 1, uliwe kesho yake.

Halafu kuna jambo ambalo wanaosifu mapishi ya zamani hawalisemi. Chakula kile kilikuwa cha bei nafuu pia kwa sababu saa zangu hazikuwa na bei. Kuchambua, kuloweka, kukaa karibu na jiko nusu ya siku, hayo yote hayakuandikwa kwenye hesabu yoyote. Wewe unarudi kazini giza limeingia. Ukinunua maharage ya kopo siku umechoka, sioni ubaya, mradi usilipe bei ya kopo kila siku. Na si kila cha zamani kinafaa kurudishwa. Mtindo ule wa kuchemsha mboga za majani mpaka rangi iishe, kisha maji yake yakamwagwa pamoja na vitamini C, uache hukohuko.

Usinunue chombo kipya. Jumamosi hii chemsha maharage ya milo mitatu, mlo mmoja uungwe siku hiyo, mingine miwili uigandishe na maji yake, ukiitenganisha. Nipigie Jumatano uniambie kimebaki nini, nikuambie cha kupika nacho.

Mama yako