Kiwanja kando ya mto: neno la muuzaji linatosha?

SWALI: Mhariri, nimeonyeshwa kiwanja pembezoni mwa jiji, hatua chache kutoka mtoni. Muuzaji ananihakikishia kwamba kwa miaka 20 aliyoishi hapo maji hayajawahi kumwingilia ndani. Je, nimwamini?

JIBU: Ndugu msomaji, hata kama muuzaji anasema kweli tupu, neno lake halitoshi. Chukua eneo ambalo kila mwaka lina uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa na mafuriko makubwa: uwezekano wa kupita miaka 20 bila kuyaona ni takriban asilimia 82, lakini atakayeishi hapo miaka 30 ana uwezekano wa asilimia 26 wa kukumbwa nayo. Isitoshe, mto wa leo si ule alioukuta yeye, kwa kuwa jiji linapopanuka, ardhi iliyokuwa ikinywa mvua hufunikwa kwa lami, zege na mabati, maji yakateremka mtoni kwa wingi na kwa kasi zaidi, na kalavati lililotosha zamani likazidiwa, hasa likiziba taka na mchanga. Ndiyo maana mtaa unaweza kuzama siku ambayo hapo penyewe hapajanyesha, ilhali mvua imepiga huko mto unakotoka.

Kichunguze kiwanja chenyewe. Tazama kuta za majirani: alama ya tope iliyonyooka kwa kimo kilekile kutoka nyumba hadi nyumba, plasta iliyobanduka sehemu ya chini tu, na matambara yaliyonasa kwenye matawi ya miti. Chimba shimo la kufika kiunoni. Ukikuta tabaka za mchanga na za tope laini zikipishana, mto umeshapita hapo mara nyingi. Kisha waulize wapangaji, ambao hawana ardhi ya kukuuzia.

Wapo watakaokushauri umwage kifusi uinue kiwanja. Sikubaliani nao, kwa sababu maji uliyoyazuia huelekea kwa jirani, na choo cha shimo kikifurika, uchafu wake huingia kisimani na kuleta kipindupindu kwa wote, aliyeinua na asiyeinua.

Usilipe hata malipo ya awali kabla hujakitembelea wakati wa mvua kubwa. Ukizikuta dalili nilizozitaja, achana nacho, hata ukipunguziwa bei.