Kizuizi cha ishara hakivunjwi ovyo

Swali lilikuwa kama protini zinazozuia ishara ndani ya seli, mfano IκBα inayoishikilia NF-κB (protini inayowasha jeni), huvunjwa kiholela mara seli inapochochewa. La, huvunjwa kwa utaratibu mkali. Ishara ya uvimbe inapofika, kimeng'enya IKK hubandika fosfeti kwenye serini (aina ya asidi amino) zilizo katika nafasi ya 32 na ya 36 za IκBα, na alama hizo mbili ndizo zinazoiwezesha β-TrCP, protini inayoteua zipi zivunjwe, kuitambua. Kisha mnyororo wa ubikwitini (protini ndogo iliyo alama ya kuvunjwa) huunganishwa juu yake, na proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, huikatakata ndani ya dakika chache. Ushahidi wake ni wa wazi: serini hizo zikibadilishwa kuwa alanini, asidi amino isiyoweza kubandikwa fosfeti, IκBα husalia nzima hata seli ikichochewa kwa ishara ya uvimbe. Baada ya hapo NF-κB, iliyokuwa imeshikiliwa katika saitoplazimu, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi. Linalonivutia zaidi, na ambalo naona husahauliwa mara nyingi, ni kwamba miongoni mwa jeni hizo imo ya IκBα yenyewe, hivyo kizuizi kipya hutengenezwa, huingia kwenye kiini, huing'oa NF-κB kwenye DNA na kuirudisha nje.