Shangazi Anajibu: Baba alikuwa mkarimu, lakini mdogo wangu hataki kusikia

Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 84. Mwezi ujao familia nzima inakutana kumkumbuka, na mimi kifungua mimba ndiye niliyetwishwa kazi ya kusoma maisha yake mbele ya watu. Nimeandika kurasa tatu nikazichana. Kila nikirudia kusoma namwona mtu yeyote tu: "alikuwa mkarimu, mcha Mungu, mpenda watu." Kumbe baba alisomesha watoto saba wasio wake, na hakukosa ibada mpaka miguu ilipokataa. Halafu kuna mdogo wangu. Ameniambia nikisimama kumsifu baba kwa ukarimu, yeye anatoka nje. Mwaka aliopata nafasi ya chuo, fedha za ada baba alimlipia mtoto wa jirani, naye akakaa nyumbani mwaka mzima. Sitaki kumvunjia baba heshima, wala sitaki kumpoteza mdogo wangu. Nishike lipi?
*Kifungua Mimba*

Marahaba mwanangu, na pole. Kurasa hizo ulifanya vyema kuzichana. "Mkarimu, mcha Mungu, mpenda watu" nimeyasikia yakisomwa kwa marehemu wengi niliowajua, na baadhi yao, Mungu anisamehe, hata salamu walikuwa wakiibania.

Ngoja nikusimulie ya kwangu. Baba yangu alikuwa na daftari gumu, kaunta buku, na kalamu imefungiwa humo kwa uzi. Alipofariki tulilikuta chini ya mto wake. Ndani mna majina ya waliomkopa, kiasi, na tarehe ya kuchukua. Safu ya mwisho kulia ni ya kurudisha. Waliolipa wana tarehe. Wengine safu hiyo ni tupu, ila jina limepigwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Tukampelekea mama. Akavaa miwani, akapitisha kidole jina kwa jina, akasema, "Hawa ndio aliowaachia." Alipofika katikati ya ukurasa kidole kikasimama. "Huyu hapa ndiye wa mwaka ule nilipouza cherehani yangu."

Sisi watoto miaka yote tulijua cherehani ile iliharibika.

Tangu siku hiyo, nikisikia mzee fulani alikuwa na mkono wazi, nauliza ni nani nyumbani kwake aliyefunga mkanda. Si kwa kumchafua mzee, hapana. Ni kwa sababu alichotoa kilitoka mahali. Mdogo wako naye alitoa, mwanangu, tena alitoa mwaka mzima wa ujana wake. Tofauti yake na baba ni kwamba yeye hakuulizwa. Sasa ukisimama ukahesabu wale saba mmoja mmoja huku yeye ameketi pale kama mtazamaji, kwa nini asitoke? Hata mimi ningetoka.

Nenda kwake. Usimpigie simu, nenda. Usiende kumtuliza wala kumweleza kwamba baba alikuwa na nia njema. Hilo analijua na ndilo linalomuuma zaidi. Mwambie akusimulie mwaka ule: nani alimpa habari, alikuwa amesimama wapi, baba alitumia maneno gani. Andika anavyosema, kisha msomee. Muulize, "Niliseme hili au niliache?" Akikataa, liache kabisa, ila nawe usithubutu kuweka sentensi ya "hakubagua kati ya wake na wa wengine". Akikubali, sema kwa ufupi: mwaka ule ada ilikuwa ya mtu mmoja na wanafunzi walikuwa wawili, baba akamlipia wa jirani, mdogo wangu akasubiri. Halafu nyamaza kidogo, uendelee. Usibandike maelezo juu yake. Na kama baba hakuwahi kuomba radhi, usimwombee wewe kwenye kipaza sauti.

Kuhusu wale saba, usitaje jina la mtu bila ruhusa yake. Mwenye kutoa alificha; wewe ni nani wa kumwambia mtu mbele ya wakwe zake kwamba alisomeshwa kwa msaada? Waulize mapema. Atakayependa atasimama mwenyewe, mpe dakika 2, naye atasema vizuri kuliko wewe. (Daftari la baba yangu liko kwangu mpaka leo. Halijasomwa na mtu nje ya nyumba ile.)

Na hiyo ibada. "Hakukosa" haionekani machoni. Miguu ilipokataa alifanyaje? Saa ya ibada ikifika alivaa nguo zake akaketi, au alibaki kitandani akiomba kwa sauti? Alikasirika? Nani alimsogezea kiti? Muulize aliyemuuguza, maana imani ya mzee inajulikana vizuri zaidi na yule aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati.

Mengine ni madogo. Miaka na tarehe zitoe kwenye vyeti, na vikipingana fuata kimoja tu, usianzishe mjadala siku ile. Maneno kama 500 yakisomwa polepole huchukua dakika 5 hivi, yanatosha. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, weka namba za kurasa, na nakala moja mpe mtu atakayeendelea sauti ikikukatika. Ningekuwa wewe, nakala hiyo ningempa mdogo wangu.

Shangazi, mimi swali langu ni fupi. Baba mkwe alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi kuniulizia hali. Amefariki, na simu yangu imejaa. Nifute ipi nibakize ipi?
*Mkaza Mwana*

Pole mama. Usifute kitu leo. Kwanza hamisha zote, ziwe sehemu mbili tofauti, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye simu ya mwenzio, kwani simu moja ikianguka kwenye maji hadithi imekwisha. Zipe majina yenye tarehe. Na simu yake nayo itazamwe mapema: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na programu nyingi za ujumbe hutambua akaunti kwa namba hiyohiyo. Picha zake za karatasi ziandikieni majina nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu unaweza kupenya ukatokea mbele.

Ukimaliza kuhamisha ndipo uchague. Ila kama kuna ule ambao alibonyeza kwa bahati mbaya, akakohoa tu na kumuuliza mtu miwani yake iko wapi, huo usiuguse.