Kwenda kujitolea Freetown

Dada, umeuliza ujiandae vipi kwa miezi mitatu ya uuguzi wa kujitolea kwenye meli ya hospitali ya shirika la Mercy Ships kule Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone. Hongera sana! Anza na pesa. Kule watu hujitolea kwa gharama zao, hata madaktari bingwa, kwa hiyo waulize kwa maandishi kipi kinakuangukia: nauli, viza, bima, chakula. Kisha zungumza na ndugu na kanisa lenu mapema.

Chanjo ya homa ya manjano usiiache mpaka wiki ya mwisho. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Kagua namba ya pasipoti kwenye ile kadi ya njano, yaani cheti chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Nimeshuhudia mtu akizuiwa kwenye dirisha la ukaguzi kwa namba moja tu iliyokosewa. Malaria nayo, usijipe moyo kwamba umekulia Mwanza umezoea mbu. Muone daktari akupangie dawa ya kinga.

Uwanja wa ndege wa Lungi uko ng'ambo ya maji, watu wengi huvuka kwa boti kufika mjini, basi mzigo uwe mwepesi. Koti la mvua lisikose, Julai na Agosti kule mvua haina mchezo.

Na jifunze kidogo Krio, lugha inayowaunganisha watu wa kule, kuanzia leo. Mgonjwa anasubiri upasuaji, uvimbe shingoni, kajifunika kitambaa kwa aibu. Muinamie umwambie "Kushe, aw di bodi?", yaani "Habari, hujambo?" Utaona kitambaa kinavyoshuka.