Mlango, shelfu na jiwe la kunolea: tulivyoacha kununiana kila tukishika vifaa

Dada, umeuliza kama uache kabisa kufanya matengenezo ya nyumba na mumeo, kwa sababu kila mkishika vifaa mnaishia kununiana siku mbili, na sasa kuna koki inayovuja ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Nimesoma nikaona nyumba yangu ya miaka sita iliyopita. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana kwetu sisi mambo yalianzia kwenye mlango wa chumbani.

Mlango ule ulikuwa unakwaruza sakafu kwenye kona ya upande wa kitasa. Mume wangu aliona dawa yake ni kuung'oa na kuupiga randa chini. Mimi nilikuwa nimeshaona kwamba ukiunyanyua kwa mkono, bawaba ya juu inacheza. Nilimwambia, lakini kwa sauti ya kumshinda, naye akashupaa. Akapiga randa. Randa yenyewe ilikuwa butu, ikachanachana nyuzi za mbao badala ya kuzikata. Mlango ulitulia wiki tatu hivi, kisha ukaanza kukwaruza tena, kwa sababu skrubu za bawaba ziliendelea kulegea na mlango ukaendelea kuinama.

Matengenezo yaliyotakiwa ni ya robo saa, ukiacha muda wa gundi kukauka. Unaweka kabari chini ya mlango ili ibebe uzito, unafungua skrubu, unajaza matundu yaliyopanuka kwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao. Ikishakauka vizuri unakata vilivyochomoza, unatoboa tundu dogo la kuongoza, unarudisha skrubu. Inapata mbao mpya ya kuuma, inashika.

Usiku ule tulizungumza bila mlango kuwa katikati yetu, tukakubaliana jambo ambalo tunalifuata hadi leo: kila kazi ina fundi mmoja na msaidizi mmoja. Fundi anaamua, hata kama anakosea. Msaidizi anashika ngazi, anamulika tochi, anapitisha bisibisi, anafagia. Kabla kazi haijaanza, msaidizi ana haki ya kusema yote aliyoyaona, na fundi anamsikiliza hadi amalize. Kazi ikishaanza, msaidizi ananyamaza. Kazi inayofuata mnabadilishana. Mwanzoni kunyamaza kulinichoma sana, dada, sikufichi. Lakini nilipokuwa fundi mimi na yeye ndiye mwenye kunyamaza, nilielewa ni heshima ya namna gani.

Usalama peke yake ndio hauna fundi. Yeyote akisema "simama", wote mnasimama, maswali baadaye. Umeme unazimwa kwenye swichi kuu na unapima kwa testa kabla ya kugusa waya. Na kama nyumba ni kuukuu, msikimbilie kupiga msasa rangi ya zamani ikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili. Watoto ndio wanaoumia zaidi.

Jambo la pili lililotuokoa ni pimamaji. Tulibishana nusu siku juu ya shelfu: yeye anasema imenyooka, mimi nasema imelala kushoto. Tulipoweka pimamaji, povu likasema, nasi tukakubali. Tangu siku hiyo, penye kifaa cha kupima hatubishani kwa macho. Ila kipime nacho: kiweke mahali, angalia povu lilipokaa, kisha kigeuze ncha ya kulia iende kushoto palepale. Povu likikaa upande uleule wa chumba kama mwanzo, kwa kiasi kilekile, kifaa ni kizima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, lakini ndilo lililobadilisha jioni zetu. Ile randa butu ilimkera mume wangu. Akatafuta jiwe la kunolea, la namba 1000, baadaye na la 6000 la kung'arishia, akaanza kujifunza. Unashika bapa la randa au patasi juu ya jiwe kwenye digrii 25 hadi 30, unasugua mpaka upande wa pili kidole kihisi ukingo mwembamba wa chuma umejikunja, kisha unaugeuza na kuuondoa taratibu. Mtu ambaye hakuwa na subira ya kusubiri gundi ikauke anaweza kukaa saa nzima na patasi moja. Anapomaliza uso wake umetulia kabisa.

Akanoa na kisu kidogo, akanipa. Nilikuwa na tawi lililokatwa siku ileile, nikaanza kulichonga bila mpango wowote. Likawa kijiko. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbao mbichi huchongeka kwa urahisi kuliko kavu, na kwamba kisu kinapaswa kushuka kutoka panapotuna kwenda panapokonda, ukifuata nyuzi, la sivyo kinazama na kupasua. Vijiko vyangu vitatu vya mwanzo vilipasuka kwenye bakuli lake kwa sababu niliviacha dirishani juani. Sasa navifunga kwenye karatasi pamoja na maranda yake ili vikauke polepole. Nikipaka mafuta ya kitani, kitambaa nakitandaza nje mpaka kikauke, sikikunjakunji kukitupa kwenye pipa. Vitambaa vyenye mafuta hayo huweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto.

Yeye ananoa, mimi nachonga, meza moja. Wala hajawahi kutaka kuchonga, nami sina hamu ya kunoa. Naona imetufaa zaidi kuliko tungelazimishana kupenda kitu kimoja.

Usiache, basi. Nyaya zilizo ndani ya ukuta, gesi na paa, iteni fundi. Hiyo koki anzeni nayo wikendi hii, na wewe ndiwe uwe fundi. Funga maji kwenye valvu, fungua koki ili maji yaliyobaki yatoke, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isidumbukie. Mara nyingi kwenye koki za kuzungusha, kinachovujisha ni washa, yaani kile kipande kidogo cha mpira cha kuziba maji, iliyochakaa. Itoe, nenda nayo dukani kama kipimo. Mume ashike tochi. Ukishaifungua ukakuta haina washa, rudi utuambie ndani umeona nini.